Kibuyu Kilichowekwa Chini

Angalijua kwamba Colombe yumo ndani ya basi lile, Télesphore asingalipanda. Hivyo ndivyo alivyojiambia alipomwona, na alijidanganya, kwa maana mguu wake mmoja ulikuwa tayari ndani, na wa pili ukaufuata bila kuulizwa.

Lilikuwa basi dogo la wanakwaya wa parokia moja ya Bukavu. Chrispin, rafiki yake tangu shule, alikuwa amempigia simu jana yake: mwimbaji mmoja wa sauti nzito ameugua, kiti kimebaki wazi, njoo twende msituni kutazama maporomoko ya maji, matembezi ni mepesi, chakula kipo, tutarudi kabla ya giza. Neno jingine hakulisema.

"Chrispin, we uko muchawi," Télesphore alimnong'oneza alipoketi karibu naye.

"Mi? Mi niko mutu wa Mungu. Nilikuambia kiti iko wazi. Kama hiyo kiti iko nyuma ya mutu fulani, uiulize kiti."

Mtu huyo fulani alikuwa dirishani, kitambaa cha buluu kichwani. Shingo ilikuwa ile ile. Alama ndogo nyeusi chini ya sikio la kushoto ilikuwa pale pale, na Télesphore alipoiona alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba aliyoihama akakuta kiti chake hakijasogezwa. Colombe aligeuka. Akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyoruhusu, kisha akasema:

"Bonjour, Papa Télesphore."

Papa! Neno la heshima, na wengi hulipenda. Lakini zamani alimwita Télé, na baina ya majina hayo mawili kulikuwa na miaka minne ya kimya.

"Bonjour, Mademoiselle Colombe."

Kando ya Colombe aliketi shangazi yake, maman Marie-Louise, mama mnene mwenye magoti mabaya na macho mazuri. Yeye hakuwa mwimbaji. Alikuja kwa sababu msichana anayekaribia kuolewa hatembei peke yake, na kwa sababu, alivyosema mwenyewe, chakula cha kwaya hakikosi nyama.

Walipofika Miti wachuuzi wa karoti na kabichi walikimbilia madirishani. Marie-Louise alinunua maparachichi, akayapanga mapajani, ndipo akageuka nyuma.

"Télesphore. Uko bado kule Kamanyola?"

"Ndiyo, maman. Kwenye mifereji ya mipunga."

"Jua ya kule inakukula. Umekauka. Na bibi na batoto, banaendelea aje?"

"Sina bibi, maman."

"Aa," alisema Marie-Louise, na ile aa ilikuwa ndefu. "Sisi kwetu iko furaha. Mutoto yetu anaolewa. Kesho njo padri anasoma tangazo ya tatu. Ni Gérard, ule anafundisha ku université. Mupole, mupole! Hata ukimukanyaga kidole, yeye njo anakuomba pardon."

Basi zima likacheka. Colombe hakucheka. Alikuwa ametazama nje, mahali barabara inapoacha lami na kuanza kupanda katikati ya mashamba ya chai kuelekea Tshivanga, kwenye lango la hifadhi.

Kesho. Télesphore aliegemeza kichwa kwenye kiti. Habari za posa alikuwa amezisikia, lakini hakujua kwamba mambo yamekwisha kufika kwenye tangazo la tatu. Likisomwa hilo bila mtu kutoa pingamizi, hakuna kilichobaki ila siku ya harusi.

*

Ili msomaji aelewe uchungu wa watu hawa wawili, lazima nieleze jambo lililotokea katika ua wa baba yake Colombe miaka minne kabla, siku ya mahari yao.

Katika familia zao, siku mahari inapopokelewa, bibi arusi hutoka nyumbani akibeba kibuyu cha kasiksi, yaani pombe ya ndizi. Huonja kidogo mbele ya wazee wa pande mbili, hupiga magoti mbele ya mwanamume wake, na kumpa kwa mikono miwili. Mwanamume akinywa, vigelegele hupigwa na jambo limekwisha. Lakini msichana akikiweka kibuyu chini, wageni huinuka na kwenda zao, wala hakuna anayewauliza kwa nini. Kuweka kibuyu chini ni kukataa.

Colombe alikiweka chini.

Télesphore hakuwapo. Alitakiwa kupanda kutoka Kamanyola mapema, akabaki siku moja zaidi, kwa sababu mkubwa wake wa kazi alitaka lango la mfereji mpya lifunguliwe mbele ya macho yake. Siku hiyo moja mvua ikanyesha, mlima wa Ngomo ukamwaga udongo juu ya barabara, malori yakajipanga, simu ikakosa mtandao. Alipofika Bukavu, suruali imejaa matope, alimkuta baba yake mdogo, mzee Cirhuza, amesimama mlangoni. Huyo ndiye aliyemlea alipokuwa yatima na kumsomesha hadi akawa fundi wa maji.

"Wameweka pombe yetu chini mbele ya watu," mzee alisema. "Binti mwenyewe, kwa mikono yake. Mtoto wa nyumba hii hakanyagi tena pale."

Na Télesphore, mwenye umri wa kutosha na kazi yake, hakukanyaga. Alirudi Kamanyola, akabadilisha namba ya simu, akawakataza jamaa zake kumtajia jina la Colombe. Aliona ndiyo heshima.

*

Langoni walipokelewa na kiongozi wa njia, kijana mrefu aliyeitwa Mugisho, panga mkononi na kofia ya kijani kichwani.

"Tunatembea mumoja nyuma ya mwenzake," alisema. "Hakuna kupiga kelele, hakuna kukata majani. Njia ni ya upole. Hata maman wa magoti mabaya anafika."

"Nani amekuambia magoti yangu?" aliuliza Marie-Louise.

"Niliona vile ulishuka ku basi, maman."

Wakaingia msituni huku wakicheka, na mara kicheko kikapungua chenyewe, kwa maana msitu ule huwafanya watu washushe sauti kama wamo kanisani. Kulikuwa na baridi ya milima. Mianzi iligongana juu polepole. Mizizi ilivuka njia, na kila mmoja akamwonyesha wa nyuma yake mahali pa kukanyaga. Nyuma ya Télesphore alikuwa Colombe. Kila alipogeuka kusema "Angalia muzizi," alikuta macho yake yanamngoja, na kila mara yeye ndiye aliyeyakimbia kwanza.

Kabla ya kufika, Marie-Louise aliketi juu ya gogo, akatangaza kwamba Mungu ameumba maporomoko kwa ajili ya vijana. Chrispin akajitolea kubaki naye.

"Tutaimba, maman. Mi besi, we soprano."

"Mi njo mulinzi," alisema Marie-Louise akimtazama mpwa wake. Kisha akampa mkoba. "Kamata. Iko kikombe ndani, uniletee maji ya kule. Na usikawie."

Walisikia maji kabla ya kuyaona. Njia ilipinda, miti ikafunguka, na hapo mto ulikuwa unajitupa kutoka juu ya mwamba mweusi, mweupe wote, ukivunjika katikati na kuungana tena chini. Wanakwaya walisogea kando ya dimbwi kupiga picha. Télesphore na Colombe walibaki juu ya jiwe pana, pembeni. Kelele ya maji ilikuwa kubwa, hata ikawabidi kukaribiana ili kusikizana. Télesphore alisikia harufu ya mafuta ya nywele za Colombe. Hayo pia hakuyabadilisha.

"Hukukuya," Colombe alisema.

"Ngomo ilianguka. Barabara ilikuwa…"

"Hiyo najua. Bukavu muzima inajua ile mvua. Mi naulizia kesho yake. Na kesho ya kesho."

"Tonton Cirhuza alinikamata ku mulango. Alisema uliweka pombe yetu chini."

"Niliweka. Sikatai. Na alikuambia pia ni nani alikuwa anaikala ku kiti yako?"

Télesphore alimtazama bila kuelewa.

"Hakukuambia," Colombe alisema polepole. "Alikuwa Luc, binamu yako. Tonton yako na baba yangu balichoka kungoja, banasema hatuwezi kufukuza wageni juu ya mutu moja. Bakamuvalisha Luc kravati. Nikatoka na kibuyu, natafuta sura yako, naona Luc anacheka. Baba ananiambia: piga magoti, mupe, ni sawa tu, huyu ni ndugu yake. Sawa tu! Nipige magoti mbele ya mwanaume mwingine, niseme huyu njo bwana yangu?"

Maji yaliendelea kuanguka. Miaka yote minne Télesphore alikuwa ameiona picha ile kichwani, Colombe akiinama, kibuyu kikigusa udongo, na katika picha ile kiti kilikuwa kitupu. Alikuwa ameamini kwamba alikataliwa yeye.

"Colombe… mi sikujua. Nilijua ulinikataa."

"Ungeuliza."

"Sikujua."

"Njo maana mutu anauliza." Alijifuta uso. Matone ya maporomoko yalikuwa yamemjaa, na pengine si ya maporomoko tu. "Nilijua maana ya kuweka chini, siko mutoto. Nilikuwa na kasirani. Nikajiambia, kesho Télé atakuya mbio, na matope ku suruali, atauliza: Colombe, juu ya nini? Nitamuambia, tutacheka, tutagombana kidogo na wazee, itakwisha. Nilikiosha kile kibuyu. Nikakiweka karibu na mulango."

"Suruali ilikuwa na matope kweli," Télesphore alisema.

Colombe alicheka kidogo, kicheko kilichomuumiza kuliko machozi.

"Nikakupigia. Numero ikawa ya mutu mwingine, muzee fulani wa Uvira. Alinifariji sana ule muzee."

Chini, mwanakwaya mmoja alikuwa akipiga ukelele kwamba kiatu chake kimelowa.

"Na Gérard?" Télesphore aliuliza.

"Gérard ni mutu muzuri. Ananipenda polepole, na mi niko najifunza."

"Unamupenda?"

"Usiniulize hiyo kama hauna kitu ya kufanya na jibu."

Colombe alimtazama, na ungesema anasoma kitu usoni pake, mstari kwa mstari. Kisha akafungua mkoba wa shangazi yake, akatoa kikombe cha bati chenye maua mekundu, akashuka hadi mahali maji yanapotulia kabla ya kuondoka. Akakijaza. Alipopanda tena juu ya jiwe alionja kidogo ukingoni, akapiga magoti pale palipolowa, akakinyoosha kikombe kwa mikono miwili.

"Télé."

Jina hilo lilimfikia kupita kelele zote.

"Gérard nitamuambia mi mwenyewe, leo, mbele ya jua kutua. Baba pia. Padri nitamuona kesho asubui, mbele ya Misa. Hiyo yote ni kazi yangu. Yako ni moja tu."

Alikipokea. Vidole vyao vilikutana juu ya bati la baridi, na moyo wake ukasema: kunywa. Moyo ulisema wazi kabisa.

Lakini Télesphore alikuwa mtu wa kupima. Kazi yake yote ilikuwa maji, na kule Kamanyola hakufungua lango la mfereji kabla ya kujua yatapita wapi na yatamharibia nani shamba lake. Akaanza kupima. Akamwona Gérard, asiyejua lolote, pengine anasahihisha karatasi za wanafunzi saa hii. Akaona matangazo mawili yaliyokwisha kusomwa, parokia nzima ikinong'ona. Akamwona mzee Cirhuza, ambaye sasa upande mmoja wa mwili umekufa, na ambaye Télesphore humlisha kwa kijiko kila anapopanda Bukavu. Amwambieje mzee huyo? Aanzie wapi? Alikishika kikombe mbele ya kifua, na hakukipeleka mdomoni.

"Ukungu inashuka!" Mugisho aliita kutoka chini. "Tunarudi, bapendwa! Mvua iko njiani!"

Colombe aliinuka. Magoti ya suruali yake yalikuwa yamelowa. Akatazama kikombe, kisha uso wa Télesphore.

"Nitangoja mpaka ku basi," alisema.

*

Sijui kama uliwahi kushuka msituni umebeba kikombe kilichojaa. Macho huwa kwenye maji, na miguu hutafuta mizizi peke yake. Télesphore alishuka hivyo, nyuma ya wote. Alijiambia kwamba hakumwaga hata tone, akaona fahari, kana kwamba hilo ndilo aliloombwa.

Walipofika kwenye gogo, Chrispin alisimama kumsaidia Marie-Louise kuinuka.

"We, unabeba hiyo kama kalisi ya Misa," alisema.

"Kikombe yangu!" alisema Marie-Louise. "Leta, nikunywe."

"Hapana, maman. Hii hapana."

Mama yule alitazama maji. Akamtazama mpwa wake aliyekuwa amepita mbele bila kusimama, akayaona magoti yake yaliyolowa. Naye alikuwapo katika ua ule siku ile. Akamruhusu Chrispin atangulie, akamshika Télesphore mkono kama mtu anayeomba msaada wa kutembea.

"Sikupendi sana," alisema kwa sauti ya chini. "Ulituacha na pombe ku udongo na mutoto yetu ku kitanda. Alikuwa anageukia ukuta, hataki hata uji. Gérard njo alimufanya acheke tena. Basi mi niko upande ya Gérard, usijidanganye."

"Nimesikia, maman."

"Lakini si mi njo naolewa. Kama unakunywa, kunywa. Mi nitapiga kelele, kaka yangu atapiga kelele, kisha tutanyamaza, kelele haiuwe mutu. Kama haunywi, mwaga hapa hapa, aone. Kitu moja tu nakukataza, mwanangu. Usimufanye angoje tena."

"Maman, nataka kufanya muzuri. Kwa heshima."

"Heshima!" Marie-Louise alisema, na akamwachia mkono.

Mvua ilikuwa bado haijafika walipotoka msituni. Wanakwaya walikuwa wanapanda basini, wakipeana nafasi, wakigombania maparachichi. Colombe alisimama nje, karibu na mlango, mikono imekunjwa kifuani kwa baridi. Alipomwona anakuja na kikombe kimejaa, uso wake ulifunguka. Kwa muda mfupi sana alikuwa tena msichana aliyeketi mlangoni na kibuyu kilichooshwa.

Na Télesphore alikuwa amekwisha kuamua. Alikuwa amepata njia nzuri, safi, isiyomdhulumu mtu. Aliiona yote njiani, akafurahi nayo.

"Colombe, mi nataka. Sikiliza. Nataka kabisa. Uniachie tu mpaka kesho. Nimuone kwanza tonton Cirhuza, nimuambie ukweli, anipe neno yake. Kesho jioni nakuya kwenu mi mwenyewe, na batu wawili, vile inafaa."

Mikono ya Colombe iliyokunjwa ikateremka polepole.

"Mpaka kesho," alisema.

"Siku moja tu."

"Ni ile ile siku moja, Télé. Ile ulibaki nayo kule Kamanyola." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayempa mgonjwa jina la ugonjwa wake. "Kesho jioni tangazo itakuwa imeshasomwa. Na we unajua. Nilikuambia ku jiwe."

"Colombe…"

"Kesho ukimuona tonton yako, umusalimie. Umuambie simukasirikii tena." Akapandisha kitambaa chake cha buluu kichwani. "Asante kwa kubeba muzuri, Papa Télesphore. Haukumwaga."

Akapanda. Alikwenda kuketi dirishani, mahali pake, akatazama upande wa mashamba ya chai.

Télesphore alisimama kwenye majani, kikombe mkononi. Ndipo alipoelewa, kama mtu anayeamshwa kwa maji ya baridi, kwamba pale juu ya jiwe hakukuwa na kitu cha kupima. Akakiinua kikombe. Akakinywa chote kwa mara moja, bila kupumua, hadi tone la mwisho, na maji hayo yaliyotoka mlimani yakiwa ya barafu yalikuwa yamepata joto la mkono wake. Akatazama dirisha. Colombe hakugeuka.

Marie-Louise alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama mbele yake, akanyoosha mkono kuomba kikombe chake. Akakitazama ndani, kikavu. Alipouliza, hakuuliza kwa dhihaka. Sauti yake ilikuwa karibu ya huruma.

"Ulikuwa na kiu hivi, mwanangu, na maji ulikuwa nayo mukononi njia yote?"

Télesphore alikifuta kikombe kwa pindo la shati lake, polepole, ndani na nje. Kisha akampa kwa mikono miwili.